Redio ya Mama Iko Kwangu

Kolwezi, tarehe 9 Juni 2025

Mpendwa Yaya Myriam, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu. Uko salama? Ule mugongo wako, baridi ya mwaka huu imeuacha kidogo? Na tata Barnabé, mume wako, kikohozi chake kimepungua? Huku kwetu tuko bazima, Mungu anatusaidia. Ni vumbi ya malori ya mgodi wa Mashamba tu, inaingia mpaka ndani ya sufuria.

Yaya, tangu baba yako, mjomba wangu, alituacha mwezi wa nne, sijakuandikia. Pole yangu niliipitisha kwenye midomo ya watu, kama mtu mwenye kujificha. Ni kweli, nilikuwa najificha. Leo nimeomba kwanza, ndiyo nikashika kalamu.

Munasema mama yangu Agnès alidharau kilio cha kaka yake. Katika ukoo wetu dada wa marehemu ndiye anatupa udongo wa kwanza. Mulimungojea siku mbili, halafu udongo ukatupwa na mkono mwingine. Alipofika nyuma ya siku kumi, mulimupa kiti inje, kama mgeni. Stany, dereva mwenye kukuletea barua hii, alikuwa pale. Aliniambia mama hakujitetea, wala hakutaja jina langu.

Basi mi najitaja mwenyewe.

Mwaka jana, karibu na Noeli, nilienda kumununulia mama simu. Nilikuwa na Mama Shekina, tunaimba naye kwaya. Mwenye duka, tata Gracien, akaniuliza vizuri:

«Simu ni ya nani, mama?»

«Ya mama yangu, ku Musumba.»

«Umeme iko? Macho yake inasoma?»

«Umeme hapana. Macho, kidogo tu.»

Akanitolea simu ndogo ya vifungo vikubwa, yenye tochi na redio, ya kukaa wiki nzima bila kuchaji. Alisema ile ya kioo kikubwa inafaa batoto ba masomo na bacommerçant ba biashara, batu ba karibu na umeme. Mtu wa shamba anahitaji kitu cha kusikika na kisichozimika. Mama Shekina akacheka mpaka akashika mbavu: «Ee! Mama mzima wa Kolwezi, unamupelekea mama yako tochi?»

Niliona haya mbele ya batu. Nikamujibu tata Gracien kwa ukali: «Unaniona maskini? Leta ile ya kioo.»

Kule Musumba nilimukuta mama na redio yake ya zamani, unaijua, ile iliyofungwa na mpira wa baiskeli, antena yake waya wa shaba. Nilitaka kumupiga picha na simu mpya, na redio ile iliniharibia picha. Nikaitia ndani ya mfuko wangu.

«Na redio yangu?» mama akauliza.

«Bitu yote iko mule mu simu, mama. Hii nitaitengenezesha Kolwezi.»

Nilidanganya. Haikuwa imeharibika. Nilitaka tu isionekane.

Ile simu, redio yake haisemi bila zile kamba za masikio, na mi sikumupa kamba. Moto wa betri yake unaisha kwa siku moja. Mama aliifunga ndani ya kitambaa, akaiweka ndani ya sanduku pamoja na nguo za kanisa.

Unajua wakati wa kuvuna mahindi mama analala kule shambani majuma mazima, mbali na kijiji, na miaka yote redio ndiyo ilikuwa mwenzake. Ulipotuma tangazo la kifo, redio ya Musumba ililisoma siku tatu. Walimwita kwa jina: Mama Agnès, popote ulipo, kaka yako ametangulia. Na mama alikuwa anavunja mahindi yake, hasikii kitu ila ndege.

Nyuma ya kilio alinipigia na simu ya Stany. Nilingojea anigombeze. Aliniuliza neno moja tu: «Ile redio, walimaliza kuitengeneza?» Nikasema réseau ya simu ni mbaya, nikakata.

Ilikuwa chini ya kitanda changu, Yaya. Juma lililopita niliitia mawe mawili mapya ya betri. Ikaimba palepale. Nilikaa chini nikalia, sikuweza hata kuomba.

Sasa Stany anamurudishia mama redio yake, ile ile, na mawe ya kutosha mwaka. Kwako situmi zawadi, usifikiri nanunua msamaha. Naomba jambo moja: uwasomee ndugu wote barua hii kwa sauti, na siku ya kumaliza kilio, mwezi wa nane, mama akae ndani, kwenye mkeka wa ukoo, pamoja nanyi. Kile kiti cha inje mukiache palepale. Nitakuja, nikikalie mimi.

Unisalimie tata Barnabé, ndugu yetu Josias na mke wake, na Naomie mdogo wetu. Mungu aliyemupokea mjomba awafute machozi, na awape kulala usingizi mzuri.

Stany atapumzika kwenu siku mbili kabla ya kurudi huku. Nakuomba, Yaya, umupe jibu mkononi, hata mistari miwili, hata kama ni ya hasira.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda na kukuonea haya,

Micheline