Mwaura, Aliyezima Taa Ni Mimi

Mpendwa Mwaura,

Nambari yako ya zamani siku hizi inapokelewa na mama mmoja wa Nyeri. Nimempigia mara mbili. Mara ya kwanza aliniambia nimekosea nambari. Mara ya pili aliniuliza kwa upole kama huyo ninayemtafuta ni mtu wangu, nami nikakata simu. Ndiyo maana ninakuandikia hapa, kwenye ukurasa wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu ya Makongeni, Thika, ambapo wale wote waliokuita Zima Taa wataisoma barua hii pengine kabla yako. Nataka waisome.

Wengi wao wameshasahau jina hilo lilitoka wapi. Kwa hivyo nivumilie nikikusimulia mambo unayoyajua.

Tulikuwa kidato cha tatu. Mwalimu Odera, aliyetufundisha fizikia na kusimamia klabu ya sayansi, alituweka pamoja kwa sababu moja tu: wewe ulijua kuchomelea vyuma, kwa kuwa kila likizo ulishinda kwenye karakana ya mjomba wako kule Witeithie, na mimi nilikuwa na mwandiko mzuri. "Mwaura atengeneze, Nyokabi aandike," alisema, akatoka zake. Nilikasirika siku nzima. Nilijiona mwanasayansi, si karani.

Ulileta friji ndogo iliyokufa, ukaitoa matumbo yote, ukatoboa chini yake tundu la kuingiza kandili. Sikuelewa unachofanya mpaka uliponieleza habari za Cucu, nyanya yako wa Theta. Cucu alifuga kuku wa kienyeji, na stima kwake ilikuwa ikipotea siku mbili, tatu. Ulitaka kumtengenezea mashine ya kuangulia vifaranga isiyojua kama stima ipo au haipo: kandili chini, karai la maji juu yake, na mayai kwenye wavu juu ya maji, joto likipanda polepole. Ulipomaliza kueleza nilikuwa nimeshafungua daftari na kuandika kichwa cha habari. Hasira zangu ziliishia hapo.

Jumamosi iliyofuata tulienda Theta kuchukua mayai. Cucu aliyachagua moja moja, akilitikisa kila yai karibu na sikio, akatupangia thelathini kwenye kikapu chenye nyasi kavu. Aliniangalia, akakuuliza jambo kwa Kikuyu kwa sauti ya chini. Mimi nilisikia. Aliuliza kama mimi ndiye yule unayemtaja kila ukija.

"Ni mwenzangu wa mradi, Cucu," ulisema, ukainua kikapu upesi.

"Mimi nimeuliza tu," akasema, akacheka peke yake.

Yai la kuku huchukua siku ishirini na moja. Ulizihesabu siku hizo kwa namna ambayo maganda yangeanza kupasuka mbele ya majaji, siku ya mashindano ya kaunti mjini Ruiru. Mwalimu Odera aliogopa. "Mkikosea siku moja mtaaibika," alisema. Wewe ulisema hatutakosea, kwa sababu Nyokabi anaandika kila kitu. Nilitembea na sentensi hiyo wiki nzima kama mtu aliyepewa zawadi.

Na kweli niliandika. Joto asubuhi, joto mchana, joto jioni. Tuliyageuza mayai mara tatu kwa siku, upande mmoja una alama ya X, upande wa pili O. Siku ya saba, wakati wenzetu wakiwa chakulani, tulifunga mlango wa stoo ya maabara tukamulika yai kwa tochi. Uliniachia tochi na kusema, "Angalia hapo karibu na kivuli, usiangalie katikati." Nikaona mishipa myembamba, na ndani yake kitone chekundu kinadunda. Nilikaa nimeinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kichwa chako kilikuwa karibu na changu, sweta yako ilinuka mafuta ya taa, na nilijua wakati ule ule kwamba yai silioni tena.

Sikukuambia. Ningekuambia vipi? Klabu ile ilikuwa na watu kumi na wanne na kila mmoja alikuwa na mdomo.

Sasa nifike kwenye ile Jumamosi. Wewe ulikuwa na zamu ya asubuhi, mimi ya jioni. Kazi yangu ilikuwa kuongeza mafuta kwenye kandili ili iwake hadi kesho yake. Nilifika getini mwa shule saa kumi jioni nikakuta umesimama na yule msichana wa klabu ya drama, mrefu, aliyeigiza malkia. Mlikuwa mnacheka. Alikuwa ameshika mkono wa sweta yako, ile ile, na wewe hukuuondoa. Hamkuniona. Ningeweza kuwapita nikasema niaje na kuingia. Badala yake niligeuka nikarudi nyumbani, nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Usiku sikulala vizuri, lakini pia sikurudi. Jumapili baada ya kanisa ndipo nilipokimbia shuleni nikiwa bado na viatu vya ibada. Kandili ilikuwa imezima. Karai lilikuwa baridi. Kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na sita. Niliongeza mafuta, nikawasha taa, nikakaa pale hadi joto liliporudi, kisha nikafungua daftari na kuandika thelathini na saba na nusu kwa jioni ya Jumamosi, na tena kwa asubuhi ya Jumapili. Kwa mwandiko wangu mzuri.

Ninafundisha sayansi sasa, Mwaura. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba unaweza kusamehewa kipimo kibaya, lakini si kipimo cha uongo. Kila mwaka naisema nikiangalia dirishani.

Siku ya Ruiru ulivaa shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Tulisafirisha friji kwenye pikapu ya mzazi mmoja, wewe ukiwa nyuma umeikumbatia ili taa isitikisike. Majaji walifika kwetu saa tano. Ulieleza vizuri kuliko nilivyowahi kukusikia. Ukasema mayai yamefika siku ya ishirini na moja, ukafungua mlango, sote tukainama kutazama. Mayai yalikuwa kimya. Hakuna ufa hata mmoja. Yule jaji mama mwenye miwani alichukua daftari letu, akapitisha kidole kwenye nambari, ukurasa baada ya ukurasa.

"Joto halikushuka hata mara moja kwa wiki tatu," alisema. "Basi kwa nini hawatoki?"

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua mdomo. Lakini wewe ulitangulia.

"Kuna siku taa ilizima," ulisema. "Ilikuwa zamu yangu."

"Na mbona daftari halisemi?"

"Niliogopa, madam. Nikamwambia mwenzangu aandike ilikuwa sawa."

Alifunga daftari taratibu na kulirudisha mezani. Hakutugombeza. Alisema tu kwamba mashine ni nzuri, na kwamba jambo lenyewe linasikitisha. Tulikuwa wa nne. Watatu wa kwanza ndio waliosonga mbele. Kufikia Jumatatu shule nzima ilikuwa na jina lako jipya, na Mwalimu Odera, aliyekupenda kama mwanawe, alikaa wiki mbili bila kukuita kwa jina lolote.

Mimi nilinyamaza. Kila nilipolisikia jina lile nilikuta maneno yangu yako tayari kooni, na kila mara niliyameza.

Jumanne asubuhi, kabla ya gwaride, ulinisubiri nje ya darasa. "Kuja," ulisema, ukaondoka bila kuangalia kama nakufuata. Ndani ya friji, uliyoirudisha stoo bila kuzima taa, vifaranga sita walikuwa wameshatoka, wamelowa, wameanguka ovyo kama watu waliotoka safari. Yai jingine lilikuwa linatikisika. Tulipiga magoti pale sakafuni hadi kengele ilipolia, na hatukuinuka. Mwishowe walifika kumi na tisa.

"Hawakufa," ulisema. "Walichelewa tu."

Nikakuuliza ulijua lini. Uliniambia ulijua tangu Jumatatu iliyofuata ile Jumamosi, kwa sababu mafuta uliyoyaacha kwenye mtungi hayakuwa yamepungua kama ilivyopaswa.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungeacha klabu."

"Na kwa majaji?"

"Wewe ungelia mbele yao. Mimi silii." Ukamchukua kifaranga mmoja ukamwekea kiganja kama kofia. Kisha ukaniuliza, bila kunitazama, "Lakini ulienda wapi siku hiyo?"

Hilo ndilo swali, Mwaura. Ulikuwa umeshanibebea kosa langu na hukudai chochote ila jibu. Nami nikakuambia kichwa kilikuwa kinaniuma. Uliitikia kwa kichwa. Nadhani ulijua si kweli, lakini hukuweza kujua ukweli ni upi, na mimi nilikuacha hivyo hivyo. Mwaka uliofuata tulikaa madawati ya karibu, tukaazimana kalamu, tukafanya mtihani wa kidato cha nne, ukaenda zako. Nilisikia uko Kitale, halafu Lodwar, unaweka mitambo ya sola. Nilifurahi. Niliona ndiyo kazi yako ile ile, kuwafanya watu wasitegemee stima.

Kwa nini nakuandikia leo, baada ya miaka kumi na mitatu? Ni kwa sababu ya Shiro. Ni mwanafunzi wangu hapa Ruiru ninakofundisha, na mimi ndiye ninayesimamia klabu ya sayansi. Mwezi uliopita timu yetu ilishindwa kwenye mashindano. Shiro ndiye aliyekuwa akieleza, na katikati ya maelezo maneno yalimpotea, akasimama tu hadi muda ukaisha. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji, amejifunika uso na sweta.

"Nimewaangusha wote, mwalimu," alisema. "Na Brayo hataki hata kunikasirikia. Afadhali angenigombeza."

Brayo ndiye mshirika wake. Nilikaa chini kando yake, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsimulia mtu habari za mayai. Zote. Hata za mkono wa sweta. Alisikiliza hadi mwisho, akapangusa pua, akaniuliza, "Na ukamwambia?"

"Bado," nilisema.

Aliniangalia kwa mshangao, jinsi vijana wanavyowaangalia watu wazima wakigundua kwamba nao pia wamekwama. Kisha akainuka akaenda kumtafuta Brayo. Niliwaona kutoka mbali wamesimama karibu na ghala. Sijui waliambiana nini. Baada ya muda walirudi wote wawili na kuanza kupakia vyombo vyetu, na Shiro ndiye aliyekuwa akitoa maagizo.

Mtoto wa miaka kumi na sita alimaliza kwa dakika kumi jambo lililonishinda kwa miaka kumi na mitatu. Niliona haya, kisha haya ikageuka kitu kingine, kama hamu.

Kwa hivyo nasema, kwenu nyote mnaosoma. Mwaura hakuwahi kuzima taa yoyote. Zamu ilikuwa yangu, nambari za uongo niliziandika mimi, na mashine yake ilikuwa safi kabisa. Mwalimu Odera amestaafu, bado anaishi kule Thika. Nilimtembelea juzi nikamwambia uso kwa uso. Aliuliza kama una watoto, akasema nikikupata nikuambie aje ale chakula kwake. Naona anajutia zile wiki mbili.

Na kwako wewe peke yako, ingawa watu wanasoma: siku ile sikuumwa na kichwa. Nilikuona getini na yule msichana nikaona wivu, kwa sababu nilikupenda. Nilikupenda tangu kwenye stoo, na nikakupenda zaidi pale Ruiru uliposema uongo wako bila kupepesa macho. Sijawahi kujua mlikuwa mkicheka nini getini, na sihitaji kujua. Yeye hakuwa na kosa, wala wewe.

Kama umeoa, msomee mke wako barua hii. Hakuna la kumficha. Nami usinihurumie. Sijaolewa, lakini si kwa ajili yako. Nimepitia mapenzi mengine, mengine mazuri. Nina kazi ninayoipenda na nyumba yenye jua la asubuhi. Ni kwamba tu nimechoka kuwa mtu ambaye maneno yake hufika kooni na kurudi.

Klabu yetu hukutana kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Mwaka huu watoto wanataka kutengeneza kikaushio cha mboga kinachotumia jua. Wana michoro mizuri, lakini hakuna anayejua kuchomelea, na mimi nilishaunguza glavu mbili nikijaribu. Ukipita huku, ingia. Mlinzi ataandika jina lako kwenye kitabu chake, atakuuliza umekuja kumwona nani. Mwambie ni mimi. Nitatoka mwenyewe kukupokea, na safari hii sitageuka kurudi nyumbani.

Salamu nyingi, popote zitakapokukuta.

Mshirika wako wa maabara,
Nyokabi