Mahindi ya Manjano Ambayo Député Hakuonja

Nchelenge, 14 Desemba 1998

Mudogo wangu mupenzi Angèle,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote huko Lubumbashi. Je, miguu ingali inavimba? Na bwana yako, kile kikohozi kimemuacha? Sisi huku Zambia tuko wazima, tunamushukuru Mungu, ila tumbo langu ulilozoea kulicheka limekwisha. Ukiniona leo utafikiri nimevaa suruali ya mutu mwingine.

Ziwa limefungwa tangu mwanzo wa mwezi ili samaki wazae, kwa hiyo sisi wa biashara ya samaki tunakaa tu tukiangalia maji. Mihogo nayo ilioza shambani kwa mvua nyingi. Hata bila mvua, unajua vile ninavyolima.

Bon, niingie katika neno lenyewe. Wiki iliyopita lori lilileta mahindi ya musaada, ya manjano, yametoka kwa wazungu. Kila nyumba ilipata mufuko. Tulifurahi mpaka agronome, bwana shamba wa serikali, aliposimama akasema: mule, lakini musipande hata punje moja. Tukamuuliza sababu. Akasema labda mbegu zake zilibadilishwa na wataalamu huko zilikotoka, naye hakuelezwa zaidi. Tangu siku ile watu wanaogopa, Angèle. Chakula gani hiki kinachoruhusiwa kuingia katika tumbo la mutoto lakini si katika udongo?

Kuku wetu alikula punje zilizomwagika, na angali anatembea. Bibi yangu Aurélie, mama wa watoto, anasema kuku si ushahidi, kwa maana yule anakula hata misumari.

Jumamosi député, mubunge wa hapa, alikuja kututuliza. Alisimama karibu na gari lake akasema serikali inajua inachofanya, tusisikilize maneno ya barabarani. Jirani yetu mama Idah, yule anayekausha samaki, akapita mbele na sahani ya bukari, ugali wa yale mahindi ya manjano, akapiga magoti, akamuita mukwai, ni kusema muheshimiwa. Huku ni kama kwetu: anayekupa chakula au pombe anaonja kwanza, uone hakuna sumu.

“Mukwai, wewe njo umetuletea. Onja, tukufuate.”

Député akacheka. “Mama, nimekula njiani.”

“Hata kidogo, mukwai. Kwa ncha ya kidole.”

“Nina vidonda vya tumbo.”

“Pole. Basi utuambie nani alipima chakula hiki, na sheria gani inasema ni kizuri.”

Akajibu kwamba jambo hilo lingali linachunguzwa Lusaka.

“Na wakimaliza kuchunguza, watatukuta?”

Député akatazama saa yake, akaingia garini. Agronome akainama kufunga kamba ya kiatu, akakaa kule chini muda mrefu. Mimi, yaya yako, kaka mukubwa na shujaa, nilikuwa nyuma ya wamama wote, ninatafuta kofia iliyokuwa kichwani mwangu.

Leo unga wetu wa mihogo umekwisha kabisa. Gaëlle wetu mudogo analala hata muchana, hachezi tena, na hilo linanitisha kuliko mahindi. Aurélie amesagisha yale mahindi. Bukari iko motoni ninapoandika, na inanukia vizuri, njo maana ninazidi kuogopa. Nimesema nitakula mimi peke yangu, watoto wangoje kesho. Gaëlle amelia, anafikiri baba amekuwa mulafi.

Wewe unayejigamba kujua madaktari wote wa Lubumbashi, waulize kama ubaya wa chakula hiki, kama upo, unaonekana mara moja au baada ya miaka. Kama ni baada ya miaka, kuonja kwangu hakusaidii kitu.

Musalimie sana tantine Chilufya, na Carlos, umuambie viatu vyangu alivyoazima havikuwa zawadi. Mungu awafunike kwa mukono wake, awape chakula kisicho na maswali.

Ni mimi yaya yako, anayekupenda hata ukiwa mbali hivyo,

Eddy

N.B. Ni asubuhi, bahasha sijaifunga. Nimeamka. Aurélie alikuwa ameniwekea kioo mbele ya pua aone kama ninapumua. Gaëlle amekula sahani mbili, sasa anamukimbiza kuku huko nje. Nimekaa mulangoni, ninamutazama tu.