Aliyeniita kwa Sauti Yako

Sofu, Kibaha

Shangazi Mwanajuma,

Shikamoo. Habari za huko kijijini Masaki na mihogo? Mimi nipo hai, Shangazi, na lazima nikuhadithie!

Ile roboti ya kuua yenye umbo la mtu ilinisaka siku tatu hapa mjini, kwa sababu nilikuwa zamu ilipotoroka kambini kwetu, nikaipiga risasi. Jana asubuhi ikanikuta dukani. Nikakimbia! Nyuma yangu nikasikia sauti yako kabisa: "Faudhia, simama!" Kumbe ilikuwa ikisikiliza simu zetu. Nusura nigeuke. Lakini wewe huniita Mama, kwa kuwa nina jina la mama yako. Nikaongeza mbio.

Kwenye nyumba inayojengwa nikapita juu ya mbao zilizofunika shimo la choo. Mimi zilinibeba. Yenyewe ni chuma kitupu. Zikavunjika, ikatumbukia, askari wenzangu wakaimaliza kwa risasi. Mtaa mzima ulishangilia, nami nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Kabla yangu iliwapata na kuwaua Seif na Atupele, wa kikosi changu. Waombee, Shangazi. Nilipoulizwa majina yao kwa ajili ya ripoti, nilichukua kalamu nikayaandika mwenyewe.

Mwanao,
Koplo Faudhia