Naandika Tarehe za Kurudi na Mimi Sitakuwepo

Mpendwa Bi Hyasinta,

Shikamoo. Kwa miaka kumi na moja ni mimi ninayeulizwa maswali, leo nimekaa upande wa mgonjwa kwenye safu yako ya gazeti, naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unikaripie.

Mimi ni daktari wa kituo cha afya hapa Karatu, daktari ni mimi peke yangu, watu wanakuja kwa miguu kutoka Endabash, wanakuja juu ya malori ya vitunguu kutoka Mang'ola, na wenzetu wafugaji wanashuka kutoka Ngorongoro, na hakuna anayesema anakwenda kituoni, wote wanasema wanakwenda kwa Daktari Josephati, na mimi neno hilo lilikuwa linanipendeza, sikatai, kumbe ndilo linalonimaliza, maana nikikaa kula wananigongea dirisha, nikitoka kanisani wananionyesha vidonda pale pale mlangoni, na likizo yangu ya mwisho nilikwenda kwetu Mbulu nikakaa siku mbili tu, wakanifuata na Landrova.

Mwezi wa nane lilitokea jambo. Unajua wagonjwa wetu wanakuja na madaftari ya shule ndiyo tunaandikia dawa, yanapangwa mezani kwangu, nami nachukua la juu na kuita jina. Siku hiyo nikaita Marsela bila kuinua macho, akaingia binti yangu wa miaka minane na sare yake ya shule, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Nikamwuliza anaumwa nini. Akasema, "Siumwi, baba. Nilikuwa nangoja zamu yangu."

Wiki ile ile nikajibu barua ya hospitali moja ya Gaborone, kule Botswana, ambako daktari anatoka saa kumi na nusu na usiku wanapokezana, wakanikubali, na mke wangu Germana ameshaanza kufunga mizigo, tunaondoka tarehe kumi Desemba. Shida ni kwamba nimewaambia watu nakwenda likizo, na kila daftari naendelea kuandika "Rudi kwangu" na tarehe. Mzee Moloimet wa Ngorongoro ana ugonjwa wa moyo, nampima kila miezi mitatu, nimemwandikia tarehe kumi na nne Januari. Hajui kusoma, akanitaka nimsomee mara mbili, kisha akasema, "Mwezi ukiandama mara tatu nitakuwa hapa, daktari," na mzee huyo anatembea siku mbili. Nikibaki nampoteza mwanangu, nikiondoka nawatupa hawa. Nafikiria kuondoka kimya kimya kabla hawajaanza kunililia. Nifanye nini?

Daktari J., Karatu

Daktari, marahaba.

Nenda. Hilo nalimaliza mapema ili usikose usingizi bure kwa kulizungushazungusha. Mtoto akipanga foleni kumwona baba yake, hakuna cha kujadili. Pole sana, na Germana mpe pole yangu kubwa zaidi, maana yeye hata daftari hakuleta.

Sasa nikukaripie. Likizo gani hiyo inayofungiwa mpaka sufuria? Mficha uchi hazai, na wewe unayezalisha wake za watu unaijua methali hiyo kuliko mimi. Unasema unawahurumia, lakini mzee wa moyo mbovu umempangia safari ya siku mbili aje akute mlango umefungwa. Huruma hiyo ni ya kwako mwenyewe, unaogopa kuliliwa. Waache walie, wana haki.

Na lingine. Niliuliza kidogo huko kwenu, nikaambiwa mganga msaidizi wenu, Clemensi, yupo hapo mwaka wa saba, ana cheti, na kazi yake ni kupanga madaftari mezani kwako. Umebeba kazi ya watu wawili kwa sababu ulipenda kuitwa kwa jina. Ukiipeleka tabia hiyo Gaborone, hata kule kuna madirisha, watakugongea.

Fanya hivi. Kuanzia Jumatatu Clemensi akae kiti chako na wewe ukae pembeni, wagonjwa wa moyo na wa sukari umkabidhi mmoja mmoja kwa mkono. Popote ulipoandika "Rudi kwangu," kata, andika "Rudi kwa Clemensi." Andika wilayani waombe daktari mwingine sasa, si Desemba. Kwa Mzee Moloimet hutatuma mtu. Panda mwenyewe Ngorongoro, Clemensi awe nawe, ukae chini, umwambie. Kisha siku ya mnada, tarehe saba, wakulima na wafugaji wote wakiwepo, omba kipaza sauti useme kwa kinywa chako kwamba unahama na kwa nini.

Usijidanganye kwamba una muda. Jibu hili nimekutangulizia kwa posta. Gazetini linatoka baada ya mnada. Majina nimeyabadili, lakini Karatu ni padogo, watakujua kabla hawajafungia maandazi ukurasa huu. Bora walisikie kwako.

Limebaki daftari moja. Ulimwita Marsela, akaingia, na barua yako yote haisemi ulimwandikia nini. Lichukue leo. Mwandikie, "Rudi kwangu kesho, saa kumi na nusu." Usingoje Gaborone. Na hiyo tarehe, daktari, uwepo.

Bi Hyasinta