Sombe Tatu Toka Guangzhou

Mama yangu,

Hapa Kasongo wananiita Muchina, na miye siwakatazi. Masomo niliyaacha mwaka wa pili wa sekondari, lakini viwanja vya ndege navijua kama mwalimu anavyojua chaki. Weye tu ndiye hukutishika.

Unakumbuka siku nilifika kwako Kabambare na moto, pikipiki ya kukodi toka Kasongo, tope mpaka masikio, nikaanza kujigamba? Nikakuambia toka Guangzhou mpaka Addis-Abeba iko kilomita elfu nane na zaidi, na ndege inazikata kwa masaa kumi na kitu. Ulikuwa unatwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Hata kichwa hukuinua.

"Masaa hayo ni sombe ngapi?"

"Namna gani sombe ngapi, mama?"

"Kutwanga, kupika, kupakua. Ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Tatu."

"Basi si mbali. Toka Kasongo umemaliza nne, tena umefika muchafu."

Majirani walicheka mpaka kuku wakakimbia. Tangu siku ile, kila nikikupigia simu toka China, salamu yako ilikuwa hiyo: "Uko sombe ngapi na miye?" Nikianza kukuhesabia Addis, Kinshasa, Kindu, unanikata: "Wacha majina. Kuja."

Halafu Yaya Asumani, kaka yetu mukubwa, akapiga simu: mama amelala kitandani, anakuita, fanya mbio. Niliacha viatu vya biashara kwenye depo, nikakata tiketi ya kwanza iliyopatikana. Nilitaka kitu kimoja tu, nikukute ungali na nguvu ya kunigombeza.

Ndege ilipaa, kwenu ikiwa asubuhi. Simu zikazimwa. Kando yangu aliketi muzee mumoja wa Kameruni, nikamuchosha na habari zako. Nikamuambia mama yangu anaweza kufukuza polisi kwa mwiko.

"Huyo mama nataka kumuona," akasema.

"Uje, baba. Atakulisha, halafu atakusema."

Tukacheka sana. Nikala chakula changu, nikamalizia na mukate wake.

Adhuhuri, Yaya anasema, uliomba maji, ukanywa kidogo, ukaenda. Alasiri walikuzika, kama dini yetu inavyotaka. Maiti hasubiri ndege. Yaya alitupa udongo mara tatu kwa mukono wake, halafu akatupa mara tatu zingine, akitaja jina langu. Miye nilikuwa juu ya bahari, nacheka.

Addis, kwenu ikiwa magharibi, kwenye foleni ya kubadilisha ndege, nikawasha simu. Ujumbe wa Yaya ukaingia, na muzee wa Kameruni ndiye alinitoa kwenye foleni.

Nilipofika Kabambare udongo wako ulikuwa umekwisha kukauka. Siku nyingi niliichukia ile ndege. Nilisema ilinifungia huko juu, mbali na weye, kama kuku ndani ya tenga.

Leo nimefunga duka, nawaza vingine. Ndugu zangu wanapenda kunichokoza kwamba mutoto wa mwisho ndiye anapata mama kwa miaka michache kuliko wote. Ni kweli, siwezi kubisha. Lakini siku ile, toka adhuhuri mpaka magharibi, wao wote walikuwa yatima. Kati ya watoto wako, miye peke yangu nilikuwa ningali na mama, na nilikuwa njiani kwenda kwake.

Hayo masaa simugawii mutu.

Pumzika, mama.

Kitindamimba wako