Madebe Mawili ya Oili

Msimbazi, Dar es Salaam
7 Septemba 1980

Kaka Augustino,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Masasi, wewe, wifi Candida na watoto. Kifua cha mama kimepata nafuu? Dawa yake nimeipata, nimempa Eliasi, anayesafiri kuja huko, aje nayo kwenye basi. Mimi ni mzima wa mwili.

Uliuliza habari za mashine ya kukamulia divai. Zabibu za Dodoma zilianza kuingia Kariakoo mwishoni mwa Julai, na zile zilizopondeka kwenye treni tukazichukua sisi wa ushirika, kama kawaida. Asubuhi ya kwanza tulijaza kapu, mwenzetu Marcelino akashika mpini, mpini ukagoma. Mchana, jua lilipopanda, ukalainika kidogo. Kesho yake yakawa yale yale. Bi Siwema, anayekaanga vitumbua langoni petu, alituambia afadhali, hata mashine ya pombe sasa imeanza kuogopa dhambi. Tulicheka naye. Siku ya nne hatukucheka, maana zabibu zilikuwa zimeanza kunuka siki. Wanaume walichomeka bomba kwenye mpini, wakaning'inia wawili kwa pamoja. Mipira inayoziba silinda ikapasuka. Kilichotoka kilikuwa kizito, rangi ya majivu, kama samli iliyolala, na kilinukia nazi.

Wewe ndiye uliyenifundisha mashine hii, kwa hiyo unajua. Mpini husukuma pistoni ndogo, pistoni ndogo husukuma oili hadi kwenye silinda kubwa, na kwa kuwa oili haikubali kubanwa, pistoni kubwa hupanda na kuzikandamiza zabibu. Jioni tunalegeza presha, tunafuta maji ya zabibu kwenye chuma yasije yakakila, tunakagua mipira. Yote haya tuliyafanya. Lakini mafuta ya nazi huganda asubuhi za baridi. Kila mwanamke mwenye chupa ya mafuta ya nywele dirishani anajua.

Mtu aliyekuwa akitia oili ni Theophil peke yake. Unamkumbuka, ndiye aliyeleta posa yangu kwako mwezi wa nne, ukamjibu asubiri. Kwenye mkutano wanachama walisema ameuza oili ya ushirika kwa watu wa malori, kwa kuwa siku hizi oili haipatikani, akatujazia mafuta ya kupikia. Mzee Tarsis, mwenyekiti wetu, alimuuliza ana la kusema. Alisimama, akasema: "Nimemimina nilicholetewa." Mmoja akamuuliza kama alitaka harusi yake iwe na pilau la oili. Kisha ikasomwa barua yako, kaka, ile uliyoandika ulipopata habari, ukisema mwizi hakai ndani ya ushirika, na kwamba mahari ya dada yako haitalipwa kwa jasho la wanachama. Wakamfukuza. Posa nayo ikaishia hapo. Sasa anasukuma mkokoteni Kariakoo. Juzi nilimwona Mtaa wa Msimbazi amebeba magunia ya vitunguu. Alinisalimu kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mteja.

Na oili hiyo, kaka, ni wewe uliyetuletea mwezi wa tatu, madebe mawili. Theophil alifungua moja tu. La pili lilibaki stoo, kifuniko kimelehemiwa pande zote, na lehemu ile ni ya mkono wako, maana unaimalizia kwa kipele kidogo pembeni tangu tukiwa wadogo. Jumanne asubuhi, kukiwa na baridi, nililileta uani mbele ya wanachama wote, fundi akalifungua. Ndani mlikuwa na kitu kile kile, kimeganda. Oili chafu kidogo ya gari juu yake kwa ajili ya harufu na rangi, chini nazi tupu. Bi Siwema alichungulia, akarudi kwenye vitumbua vyake.

Uliyajaza wakati wa joto, kaka, yakiwa maji. Hukukumbuka kwamba Agosti ingefika. Na ulipojua kilichotokea, ukakaa chini ukaandika barua ile.

Wanachama walimtuma Mzee Tarsis akamwombe Theophil msamaha. Theophil alisema atakuja kubadilisha mipira na kuisafisha silinda, kwa sababu mashine haina kosa. Kuhusu mimi, alisema hana kinyongo, ila hawezi kurudi nyumbani kwako kuomba kitu. Nimemwelewa. Ningekuwa yeye, nami nisingerudi.

Debe la pili analo Eliasi pamoja na dawa ya mama. Nimelilehemu upya, halijapungua. Najua hapo Masasi asubuhi ni baridi kuliko huku. Liweke nje usiku mmoja, asubuhi ulifungue mwenyewe mbele ya wifi na watoto.

Msalimie mama kwa mikono miwili. Usimweleze lolote, nitakuja kumweleza mwenyewe. Wifi mpe salamu zangu, na watoto wote.

Ni mimi mdogo wako,
Benedikta