Jani Nililokata Kaburini Kwako

Mwanangu Prosperi,

Sikuulizi hali. Ulipo napajua, mimi ndiye niliyewaonyesha wachimbaji mahali. Nakuandikia kwenye karatasi niliyochana katika daftari la mwanao Aneti, lile la maandalio ya masomo yake. Mwandiko ni wa darasa la nne, usinicheke. Wewe ulimaliza kidato cha nne na hukuwahi kuniandikia hata mstari mmoja.

Habari yenyewe nusu umeshaisikia, kwa sababu aliizungumza akiwa amekukalia. Kihamba kizima, nyumba na shamba la migomba, mtandao haushiki isipokuwa pale kaburini, labda ndiyo kazi pekee uliyobaki nayo. Siku ile alivaa blauzi ya kanisani juu, chini kanga na malapa, akaweka kompyuta kwenye saruji yako, akaongea Kiingereza na wazungu saa nzima. Mimi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe upande wa pili wa migomba. Sikuelewa neno, lakini nilimsikia akicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu tukuzike. Hapo nikajua nimekwisha.

Wamempa kazi. Shule ya kimataifa, huko Vietnamu, akafundishe hesabu watoto wa matajiri wa kila taifa. Nikamwambia Vietnamu naijua, niliisikia redioni nikiwa msichana, walikuwa wanapigwa mabomu. Akasema, Bibi, vita iliisha zamani, siku hizi wanalima kahawa kuliko sisi. Mikahawa uliyokuwa unaipogoa nimeing'oa yote, umebaki mmoja wa mlangoni, na huo naanikia nguo.

Usidhani anaacha kazi ya maana. Pale Shirimatunda anafundisha shule ya mtu binafsi, watoto wamejaa mpaka mlangoni, na mshahara unakuja siku mwenye shule akijisikia. Najua. Nilijua hata wakati namtukana. Nilimwambia, "Nenda, mbona mama yako naye alikwenda." Unajua jinsi mkeo alivyorudi kwao Tarakea akaolewa tena, mtoto hajaota hata meno vizuri. Mimi mama yule simlaumu sana. Namlaumu kiasi. Lakini maneno yale hayakuwa ya kumtupia Aneti mezani. Aliacha mtori wake, akaosha bakuli, akasema, "Bibi, wanataka jibu Jumatatu. Ukisema nisiende, siendi."

Akaenda kulala akaniachia mzigo.

Sasa niambie ningefanya nini. Jirani wa kushoto nyumba imefungwa, wa kulia imefungwa, majumba ya vigae na mageti, yanafunguliwa Krismasi, wanachinja, wanapiga muziki mpaka ng'ombe wangu anakosa maziwa, kisha wanafunga. Kaka zako wako Mwanza na Dar, wananipigia kuniuliza kama nimekula. Kihamba hiki kilikuwa chako, kitinda mimba wangu, wewe ndiye wa kubaki na mimi na kunizika. Ukatangulia wewe, bila aibu. Aneti naye akienda, siku nikianguka bafuni atakayejua ni ng'ombe, kwa kukosa majani.

Basi nikuambie nilichofanya, maana nilikifanyia hapo hapo kwako. Jumapili baada ya misa ya kwanza nilikuja na kisu. Isale tuliyokupandia kichwani siku ya maziko imeshanipita urefu. Nikakata jani. Kwetu mtu akikuletea jani la isale anakuomba jambo, mara nyingi msamaha, nawe hukatai, hata kama ulikuwa umeapa. Ila mimi siku hiyo sikwenda kuomba. Nilikwenda kufunga mlango.

Na ninajua linavyofunga, kwa sababu nilikufunga wewe. Unakumbuka. Ulikuwa umepata kazi ya udereva Kenya, begi liko begani, gari la Holili linakusubiri barabarani. Nikaja na isale mkononi, nikapiga goti mbele ya watu, mimi mama yako. Ukashusha begi. Ukabaki kama nilivyotaka, ukapogoa mikahawa isiyozaa, ukaanza kunywa mbege asubuhi, kisha zile za chupa ndogo, mpaka ini likakumaliza. Padri alisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilikuwa nimesimama pale kwenye udongo mbichi na nilijua ni mapenzi ya nani.

Pamoja na kujua yote hayo, bado nilikata jani. Ndivyo nilivyo.

Aneti alikuwa kibarazani anasahihisha madaftari. Nikamnyooshea. Mdomo huu unaoujua, siku hiyo ukagoma. Alilitazama lile jani, akaweka kalamu chini, akapiga magoti, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, Bibi," akasema. "La juzi, na la baba pia. Baba aliniambia habari za begi."

Kumbe ulimwambia. Miaka yote ile mimi ukaninyamazia, ukaenda kumwambia mtoto.

Sijui kama alikosea au alinijua akaniwahi. Ningeweza kusema hapana, sikuja kwa msamaha, nimekuja ubaki. Lakini isale likishapokelewa limepokelewa. Humrudishii mtu tena eti sasa nataka na hiki. Nikasema asante. Prosperi, mimi, kusema asante. Akabaki amepiga magoti, ananitazama, anangoja lile jingine, la kwenda au kubaki. Nikamwambia, "Hilo jibu lako nenda ukaliandike kule mtandao unakoshika, usinijazie machozi kibarazani."

Nilimwona toka dirishani amekukalia tena, anaandika kwa vidole gumba.

Anaondoka shule zikifungwa. Usitegemee nikuambie nina raha. Anasema mkataba ni wa miaka miwili. Hizo nyumba zilizofungwa kushoto na kulia, zote zilikuwa za miaka miwili. Anasema tutaonana kwenye simu uso kwa uso. Ataona ukuta na nusu ya kilemba changu. Jana ameanza kunifundisha kubonyeza, ananisifia kama mtoto wa chekechea, na mimi nampigia kelele, na wote wawili tunajua kelele zenyewe ni za nini.

Sina la kukuomba. Huko uliko huna uwezo, na ulipokuwa nao nilikunyima.

Basi lala, baba. Nitakufagilia kila Jumamosi mpaka magoti yakatae. Akipiga, nitakuja kuketi hapo kwenye saruji ili nawe umsikie. Nitamwambia ng'ombe mzima na mimi mzima, hata siku ambayo si kweli, na wewe utanyamaza kama ulivyozoea. Na jani jingine kwako sikati. Hilo nakuahidi. Hata nikilala kitandani nisiinuke, sitamtuma mtu kukata isale ili yule mtoto arudi. Acha iote mpaka ifunike msalaba.

Ni mimi mama yako.